Bidhaa za nyumbani: ghala moja, saini tatu

Kuhusu faili hili

Faili lilinifikia wiki sita baada ya moto. Kampuni ya bima ilinipa kazi moja tu: nilisome upya kuanzia karatasi ya kwanza, kisha nieleze hatari ilipita wapi bila kuonekana. Majina, mahali, miaka na sarafu nimeviondoa. Fedha zote nimezigeuza kuwa vipimo, ambapo thamani iliyokatiwa bima mwaka wa kwanza, jengo na bidhaa kwa pamoja, ni 1,000. Hesabu zimebaki kama zilivyokuwa, kwa sababu funzo lenyewe limo ndani ya hesabu.

Anderaita ni nani

Mteja wa bima humjua wakala aliyemuuzia, na siku ya balaa humjua afisa wa madai. Kati ya hao wawili yupo mtu asiyemwona kamwe. Ofisini tunamwita anderaita. Ukitaka Kiswahili chake unaweza kusema mpima hatari, ingawa sijapata kumsikia mtu akilitamka kwenye korido. Yeye ndiye anayeamua kama kampuni ibebe hatari fulani au iiache, kwa ada gani, kwa masharti gani, na ni kiasi gani kibaki kwetu na kiasi gani kipelekwe kwa wengine kupitia bima mtawanyo, yaani bima ambayo kampuni ya bima yenyewe hukata kwa kampuni nyingine.

Jina lenyewe, kutoka Kiingereza "underwriter", yaani anayeandika chini, lina asili inayosaidia kukielewa kisa. Mwishoni mwa karne ya 17, katika mkahawa wa Edward Lloyd jijini London, wafanyabiashara walizungusha karatasi yenye maelezo ya meli, shehena yake na safari yake. Aliyekubali kubeba sehemu ya hatari aliandika jina lake chini ya maelezo hayo, na kiasi anachobeba. Meli ikizama, alilipa kutoka mfukoni mwake. Tazama mpangilio wa karatasi ile: maelezo juu, jina chini. Jina hubeba kilichoelezwa juu yake, basi. Hapa tutakutana na majina yaliyoendelea kukaa chini ya maelezo ambayo yalikwisha kuhama.

Benki nayo ina mtu wa namna hiyo, mchambuzi wa mikopo, anayepima kama mkopaji atalipa na dhamana yake itafaa nini asipolipa. Yupo na wa tatu, wa masoko ya mitaji: taasisi inayoahidi kununua hisa zitakazobaki pale kampuni inapouza hisa mpya kwa umma. Huyu wa mwisho hayumo kwenye faili letu. Namtaja kwa kuwa kazi ni ileile, kupima hatari ya mwingine kisha kuibeba kwa malipo, na kwa Kiingereza wote watatu wanaitwa kwa neno moja.

Usuli wa mteja

Mfanyabiashara wa jumla, mwenye ghala moja alilolijenga mwenyewe: kuta za matofali, fremu ya chuma, paa la bati. Aliuza vigae, masinki na vyoo vya kauri. Hakuwahi kudai fidia ya aina yoyote, na ada zake alizilipa kwa wakati. Dalali wake wa bima alimfahamu kwa miaka mingi, na katika mazungumzo yangu naye alimwita mteja ambaye kila mtu angetaka kuwa naye. Sina sababu ya kumpinga. Hakuna mtu mdanganyifu katika kisa hiki, na ndiyo maana nimeona kinafaa kufundishia kuliko vile vya wizi na hila ambavyo kila mmoja hupenda kuvisimulia.

Mwaka wa kwanza

Fomu ya maombi ya bima ya moto ilifika kutoka kwa dalali. Jengo 400, bidhaa 600. Kwenye swali la aina ya bidhaa zinazohifadhiwa, mteja aliandika maneno matatu: bidhaa za nyumbani.

Anderaita wa kwanza, mama mwenye uzoefu mrefu, hakuridhika na maneno hayo. Kando yake aliandika kwa kalamu nyekundu "zipi?" na kumtuma mkaguzi. Ripoti ya mkaguzi ipo kwenye faili, kurasa tano zenye picha, na ni ripoti nzuri. Inaonyesha vigae kwenye paleti, vimefungwa kwa makasha ya karatasi ngumu. Inaonyesha mitungi 12 ya kuzimia moto, mitatu ikiwa imepitwa na muda. Inaonyesha kona ya kuchajia foklifti, gari dogo la kuinulia mizigo, ikiwa na mstari wa rangi ya njano sakafuni, na bidhaa ya karibu ikiwa umbali wa mita sita. Makadirio ya hasara kubwa inayoweza kutokea kwa moto mmoja: 300. Vigae haviungui, kinachoungua ni makasha na mbao za paleti, na moshi huharibu vilivyobaki.

Mama yule aliamua hivi. Hatari iliingizwa daraja la 1, la bidhaa zisizoshika moto kwa urahisi, ambalo kiwango chake kwenye mwongozo wa kampuni kilikuwa asilimia 0.15. Ada ikawa 1.5 kwa mwaka. Aliweka masharti mawili: mitungi mitatu ijazwe ndani ya siku 30, na eneo la kuchajia libaki wazi kwa mita tatu kila upande. Kisha akaigawa hatari. Kwa daraja la 1, mkataba wa bima mtawanyo uliruhusu kampuni kubaki na 200 na kuwapa washirika hadi mara nne ya kiasi hicho, yaani 800. Jumla 1,000, sawasawa na thamani iliyokuwepo. Hatari yote ikatoshea.

Sina la kumlaumu. Aliuliza, akatuma macho, akapima, akaandika masharti, akagawa, kisha akaweka saini. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi anderaita anafanya nini, mpe kurasa hizo.

Kosa dogo lilitokea baada yake, na si lake. Karani aliyeingiza hati kwenye kompyuta alikuta nafasi ya herufi thelathini ya kuelezea bidhaa. Hakuandika "vigae na kauri". Alinakili fomu: bidhaa za nyumbani, daraja la 1. Ripoti ya mkaguzi ikabaki kabatini pamoja na kalamu nyekundu, na kuanzia siku hiyo kampuni ilimjua mteja huyu kwa maneno matatu.

Miaka miwili ya kuhuisha

Mama alihamishiwa idara nyingine. Bima ilipofika muda wa kuhuishwa ilimwangukia kijana aliyekuwa na orodha ndefu ya mafaili kila mwezi. Utaratibu wa ofisi ulikuwa wazi: kama hakuna madai na ada imelipwa, huisha kwa masharti yaleyale. Barua ya kuhuisha ilimwambia mteja ada yake na tarehe ya mwisho. Haikumuuliza chochote. Kijana akasaini mwaka wa pili, akasaini mwaka wa tatu.

Huku nyuma biashara ilikuwa inasogea kama biashara zinavyosogea. Mtu anayemalizia nyumba hununua vigae leo, mwezi ujao anahitaji godoro na viti. Mteja wetu aliliona hilo akaleta magodoro ya sponji machache kwa majaribio. Yakatoka. Akaongeza, kisha akaleta viti na meza za plastiki. Godoro ni jepesi lakini linakula nafasi, kwa hiyo yalipangwa juu, karibu kufika kwenye bati. Kwa maelezo yake mwenyewe, kufikia mwisho wa mwaka wa tatu robo tatu ya thamani iliyokuwa ghalani ilikuwa sponji na plastiki.

Kwa asiye wa fani hii, hapa panahitaji maelezo kidogo. Sponji ya magodoro hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Kilo yake moja hutoa joto kubwa kuliko kilo moja ya kuni, na kwa kuwa imejaa vitundu vya hewa, moto hukimbia juu yake badala ya kutambaa. Moshi wake ni mweusi, mzito, na una gesi za sumu, zikiwemo monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Mwongozo wa kampuni yetu uliiweka daraja la 4: asilimia 0.45, ukaguzi wa lazima kila mwaka, na mfumo wa kunyunyiza maji darini, la sivyo hatari irejeshwe kwa mkuu wa idara. Kampuni iliruhusiwa kubaki na 50 tu, na washirika kuchukua 200. Kila kinachozidi 250 kilitakiwa kutafutiwa wabebaji faili kwa faili, kwa mazungumzo.

Kwa hiyo ghala lilelile, lenye mteja yuleyule na dalali yuleyule, lilikuwa limetoka daraja la 1 hadi la 4 bila mtu kusaini popote kwamba limetoka.

Saini ya tatu

Karibu na mwisho wa mwaka wa tatu mteja aliomba mkopo wa kuongeza mzigo. Benki ilituma mthamini, akahesabu bidhaa akapata 1,000. Mchambuzi wa mikopo akaidhinisha 500, dhamana ikiwa bidhaa zilizomo ghalani, kwa sharti kwamba bima iwepo na jina la benki liandikwe kama mwenye haki ya kulipwa kwanza.

Nimeruhusiwa kusoma kumbukumbu ya uamuzi ya benki. Kwenye sehemu ya hatari za dhamana imeandikwa kwamba hatari ya moto imeshughulikiwa, kwa kuwa mali ina bima ya kampuni yenye sifa na kampuni hiyo imeikagua. Chini yake wameambatisha hati yetu, yenye kiasi cha bidhaa: 600.

Yaani katika faili moja la benki, kurasa mbili zikifuatana, bidhaa zina thamani ya 1,000 na zina bima ya 600. Hakuna aliyeweka namba hizo ubavuni mwa nyingine.

Nasi hatukuwa na macho makali zaidi. Benki ilituandikia kuomba jina lake liongezwe, na barua ilitaja sababu: mkopo wa kuongeza bidhaa za ghalani. Kijana alitoa nyongeza ya hati siku ileile na kuiweka barua kwenye faili. Nilipomuuliza alikuwa anafikiria nini, alijibu kwa unyoofu ulioninyamazisha. Alisema aliona benki imeshapeleka mthamini wake, hivyo akajua mali iko sawa.

Benki iliegemea kwetu, nasi tukaegemea benki. Katikati palikuwa na ghala ambalo hakuna anderaita aliyekuwa amelitazama kwa zaidi ya miaka miwili.

Moto

Mwezi wa tatu wa mwaka wa nne, usiku. Wachunguzi walihitimisha kwamba waya wa chaja ya foklifti ulipata joto kwenye maungio yake. Mstari wa njano ulikuwa bado upo sakafuni, ila magodoro yalikuwa yameuvuka na kukaa chini ya mita moja kutoka kwenye chaja. Mlinzi aliona moshi mapema. Alifungua mitungi miwili ya kuzimia moto, na yote miwili ilifanya kazi, kwani sharti lile la kwanza lilitekelezwa na kuendelea kutekelezwa kila mwaka. Lakini mtungi wa mkononi haushindani na sponji iliyopangwa hadi darini. Zimamoto walipofika, paa lilikuwa limeanza kulala. Hakuna aliyeumia.

Mkadiria hasara aliandika hivi: bidhaa zilizokuwepo 1,000, zilizoteketea 900. Jengo lililokatiwa bima kwa thamani yake halisi ya 400 lilipata hasara ya 350.

Kulipa au kukataa

Mkuu wa madai alitaka kukataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: bima husimama juu ya uaminifu wa hali ya juu, mteja anatakiwa kusema kila jambo ambalo lingeathiri uamuzi wa anderaita, na kubadilisha vigae kuwa magodoro ni jambo la namna hiyo. Hakusema, basi mkataba ufutwe.

Mteja aliitwa. Alikuja na dalali wake, akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Wakubwa zangu, niliandika bidhaa za nyumbani. Godoro si la nyumbani?"

Chumba kilikaa kimya kwa muda. Haikuwa kejeli. Mtu alijibu swali aliloulizwa, na jibu lake lilikuwa kweli siku ya kwanza, likawa kweli siku ya moto.

Wakili wetu alitukumbusha kesi ya Carter dhidi ya Boehm, iliyoamuliwa na Lord Mansfield nchini Uingereza mwaka 1766. Watu hupenda kuinukuu kama chimbuko la wajibu wa mteja kusema ukweli wote. Wanasahau nani alishinda. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Marlborough katika kisiwa cha Sumatra, akakatiwa bima dhidi ya ngome kutekwa na adui kutoka Ulaya. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Anderaita akagoma kulipa kwa hoja kwamba gavana alificha udhaifu wa ngome. Mansfield alikubali kwamba mkata bima asifiche anachokijua peke yake. Hata hivyo alisema anderaita hawezi kulalamika juu ya kile alichokijua, alichopaswa kukijua, au alichoamua kukibeba bila kuuliza. Carter akalipwa.

Sheria ya Bima ya Uingereza ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Agosti 2016, imeliweka jambo hili kwa namna inayomhusu anderaita moja kwa moja. Kwa bima za kibiashara, mteja asipowasilisha hatari kwa haki, lakini bila kukusudia wala kupuuza, mkataba haufutwi tu hivihivi. Huulizwa: anderaita angefanya nini kama angejua? Kama angetoza ada kubwa zaidi, fidia hupunguzwa kwa uwiano wa ada iliyolipwa na ile iliyopaswa kulipwa. Kisa chetu hakikuwa chini ya sheria hiyo, ila tulipiga hesabu kwa kujipima: 0.15 juu ya 0.45 ni theluthi moja. Mkuu wa madai macho yakamng'aa. Wakili akamshusha. Sheria hiyohiyo inahesabu kwamba kampuni inapaswa kujua taarifa ambayo tayari inayo na anderaita anaweza kuifikia kwa urahisi. Barua ya benki ilikuwa ndani ya faili, juu kabisa.

Uamuzi ukawa kulipa, kwa sababu tatu. Fomu iliuliza kwa ulegevu na ikajibiwa kwa kweli. Barua ya kuhuisha haikuuliza kitu. Na tulikuwa na karatasi iliyotuambia kwamba mzigo unaongezeka, tukaifanyia kazi ya karani badala ya kazi ya anderaita. Sharti la mita tatu lilijadiliwa pia, kwa kuwa lilivunjwa waziwazi na lilihusiana na chanzo cha moto. Lakini sharti hilo lilikuwa kwenye barua ya mwaka wa kwanza peke yake. Halikuhamishiwa kwenye hati zilizohuishwa. Mahakamani lingetuabisha kuliko kutusaidia.

Hesabu ya mwisho

Kwa jengo, mteja alistahili 350 kamili.

Kwa bidhaa ilitumika kanuni ya uwiano: aliyekata bima ya sehemu analipwa sehemu. Alikata 600 kwa mali ya 1,000, hivyo fidia ni asilimia 60 ya hasara ya 900, yaani 540. Benki ilikuwa inadai 420 ikachukua kwanza. Zikabaki 120 mkononi mwa mtu aliyepoteza mzigo wa 900. Biashara yake bado ipo, kwa udogo.

Kwetu jumla ya malipo ilikuwa 890, kabla ya kutoa sehemu ndogo ya kwanza ambayo mteja hubeba mwenyewe. Kwa mgawanyo wa mwaka wa kwanza washirika wa bima mtawanyo walipaswa kubeba asilimia 80, yaani 712, na sisi 178. Walikataa, na sikushangaa. Walisema hatari ya daraja la 4 iliingizwa kwenye mkataba kwa jina la daraja la 1, na kwamba kwa daraja lake halisi sehemu yao ilikuwa 200 kati ya 1,000. Hiyo ni asilimia 20. Wao 178, sisi 712. Namba zilezile, zimegeuzwa tu.

Baada ya miezi kadhaa tulikutana nao katikati. Kampuni ilibeba 445, mara mbili na nusu ya ilichodhani ilikuwa imekibakiza. Ada iliyokusanywa kwa miaka yote minne ilikuwa 6.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana kipo. Ukaguzi wa mwaka wa kwanza ulikuwa wa mfano. Sharti la mitungi lilimpa mlinzi nafasi ya kujaribu na pengine muda wa kutoka. Kanuni ya uwiano ilifanya ilichokusudiwa, ingawa kwa mteja ilikuwa chungu. Uamuzi wa kulipa ulikuwa sahihi, na ulifanywa kabla ya mtu yeyote kutufikisha mahakamani, jambo ambalo dalali alilisambaza kwa wateja wake wengine bila kuombwa.

Menejimenti ilitaka ripoti yangu imtaje kijana kama chanzo. Sikuandika hivyo. Kijana alifuata utaratibu, na utaratibu ulisema mteja asiyedai ni mteja asiyebadilika. Hilo ndilo lililoungua. Kutodai kunaeleza yaliyopita. Hakusemi lolote kuhusu kilichopangwa ghalani leo asubuhi. Tena mteja mzuri ndiye anayekua, na anayekua ndiye anayebadilika haraka. Ofisi ilikuwa inawatazama kwa makini wale wenye madai, ambao tayari walikuwa wanajulikana, na kuwapitisha bila kuwaangalia wale wanaosogea.

Nilichomdai kijana ni barua ya benki peke yake. Barua ile ilikuwa na neno "kuongeza". Anderaita akiona neno hilo anatakiwa kusimama: kuongeza nini, kiasi gani, na wapi? Simu moja kwa dalali ingetosha. Kiasi cha bima kingepanda kutoka 600, magodoro yangejitokeza kwenye mazungumzo, na mkaguzi angerudi kukuta mstari wa njano umevukwa. Najua alikuwa na mafaili mengi. Nyongeza ya jina la benki ni kazi ya dakika tano, na ndiyo maana ilifanywa kwa dakika tano.

Suala la benki nalipa uzito zaidi ya yote, kwa sababu sijaona likiandikwa vya kutosha. Anderaita wa bima na mchambuzi wa mikopo wanatazama mali moja kwa maswali tofauti. Mthamini wa benki huuliza mali hii itauzwa kwa kiasi gani mkopaji akishindwa. Magodoro yalikuwa jibu zuri sana kwa swali hilo: yanauzika haraka kuliko vigae. Mkaguzi wa bima huuliza mali hii itaunguaje. Hapo magodoro ni jibu baya. Thamani ya 1,000 ya mthamini ilikuwa sahihi na haikuwa na neno hata moja kuhusu moto, maana hakutumwa kutazama moto. Bima yetu ilikuwa halali na haikusema kwamba 600 inatosha, maana hatukuulizwa. Kila upande ulichukua saini ya mwenzake kama jibu la swali ambalo mwenzake hakujiuliza. Ndiyo sababu nilisisitiza ile karatasi ya mkahawa wa Lloyd. Saini hubeba maelezo yaliyo juu yake. Ukiichukua saini ukayaacha maelezo, umebeba wino.

Nikiri jambo moja dhidi yangu. Katika rasimu ya kwanza nilipendekeza kila ghala likaguliwe kila mwaka. Mama wa kalamu nyekundu, niliyemtafuta ili nimhoji, alicheka. Aliniambia ukikagua kila kitu utaishia kukagua kwa macho yaliyochoka, na ada ya 1.5 hailipi mkaguzi kila mwaka. Akashauri tuulize kwanza kwa maandishi, kisha tutume macho pale jibu linapotofautiana na la mwaka uliopita. Nikalifuta pendekezo langu nikaandika lake.

Kilichobadilishwa

Barua ya kuhuisha sasa ina maswali matatu: bidhaa gani zimo ghalani leo, zina thamani gani leo, na nani mwingine ana maslahi nazo. Neno "nyumbani" halikubaliwi kama jibu. Masharti ya ukaguzi huhamia kwenye kila hati inayohuishwa. Barua yoyote ya benki kuhusu mkopo huenda kwa anderaita, si kwa karani, na majibu yetu kwa benki hutaja kiasi cha bima kwa herufi nzito pamoja na tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Nafasi ya herufi thelathini kwenye kompyuta imeongezwa.

Kabla ya kufunga ripoti, niliomba orodha ya mafaili yote yenye maneno yale matatu. Yalikuwa 31. Tulipowauliza wateja, saba walikuwa na bidhaa za daraja la juu kuliko lililoandikwa. Sita kati yao walikuwa na plastiki, rangi za ukutani na sponji. Wa saba alikuwa anahifadhi mitungi ya gesi ya kupikia, ambayo nayo, ukisoma kwa haki, ni bidhaa za nyumbani.